Samaki wa Mzee Bloor

Ubishi wote ulianzia kwa Mzee Bloor, na Mzee Bloor mwenyewe, kama ilivyokuja kujulikana, hakuwamo.

Ilikuwa Alhamisi jioni, sebuleni kwa Bi. Winifred Tams. Wanawake wanne wa Burslem, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo huko Uingereza, walikuwa na desturi ya kukutana kila baada ya wiki mbili kujadili kitabu, leo kwa huyu, safari nyingine kwa yule. Bi. Winifred alikuwa mwalimu mstaafu, miaka thelathini na minne ya chaki, na hata sasa akikutazama juu ya miwani unaanza kutafuta kosa ulilofanya. Dot alikuwa mchoraji wa maua kwenye sahani hadi kiwanda kilipofungwa. Nasreen, mdogo wao, alifanya kazi duka la dawa la pale kona. Wa nne ni Glenys, mpishi wa shule ya msingi, miaka hamsini na sita, mdomo haulali njaa ya maneno. Habari hii ni yake yeye na baba yake.

Kitabu cha safari hiyo kilikuwa cha watoto, *Nchi Isiyo na Milango*, ambacho mtu wa nchi ile aliyevuka miaka arobaini hana budi awe amesomewa utotoni, apende asipende. Hester na nduguye Jem wanapotea kwenye kinamasi, korongo wa kijivu anawapeleka nchi ya Malkia wa Chumvi, na huko Malkia ameng'oa milango yote ili asiwepo wa kumficha jambo. Umebaki mlango mmoja tu, na bila kuupata hawarudi kwao.

"Mimi kinachoniliza hadi leo," alisema Glenys, "ni pale kwa Mzee Bloor."

"Mzee nani?" aliuliza Dot. Alikuwa amegeuza kisosi chake juu chini kutazama kimetengenezwa wapi. Msimshangae. Mtu wa Burslem hata akialikwa harusini atageuza sahani, ikibidi ainue na viazi vilivyomo.

"Mzee Bloor, fundi wa pampu chini ya jumba. Anazima pampu ili watoto wapite. Halafu askari wanamletea karatasi atie sahihi kwamba pampu haikuzimwa hata dakika moja, naye haandiki jina, anachora samaki. Malkia anaitazama ile karatasi siku nzima, hajui amtie nani hatiani."

Wenzake walitazamana. Nasreen alipekua kitabu mbele, akapekua nyuma. "Mimi huyo sijamwona. Labda nimeruka ukurasa."

"Hukuruka," alisema Bi. Winifred. "Hayumo. Nimekifundisha kitabu hiki tangu hujazaliwa. Glenys, mpenzi, umekisoma mara hii?"

"Nikisome cha nini tena? Nakijua chote. Baba alinisomea kila siku kabla ya kulala, mpaka nikafika miaka kumi na mmoja. Alimpenda Mzee Bloor hata akamchukua yule samaki kuwa alama yake kiwandani."

Hapo Dot alikunja uso. Kiwandani kila mchoraji alikuwa na alama yake ndogo chini ya chombo, ijulikane kazi ni ya nani. Yeye Dot alikuwa na vitone vitatu. Enoch, baba yake Glenys, alizungushia vikombe mstari wa dhahabu ukingoni, na alama yake ilikuwa samaki kweli. "Lakini Enoch alikuwa na samaki wake nilipoingia kazini," alisema Dot. "Mwaka hamsini na tisa. Wewe ulikuwa hata tumboni hujaingia."

"Kwa hiyo hukukisoma," alisema Bi. Winifred, ambaye hakuwa na haja na samaki.

"Nimekwambia nakijua."

"Birika liko upande wa kulia. Maziwa kwenye friji."

Kikundi kile kilikuwa na kanuni moja tu, kaitunga Bi. Winifred mwenyewe: ambaye hakusoma kitabu hatoi maoni, anakwenda jikoni kutengeneza chai. Kwa miaka sita kanuni ilikuwa haijamkuta Glenys. Alisimama akaenda. Kule jikoni alimsikia Dot akichekea mkono, na masikio yakamwaka moto, yeye ambaye kila siku ya kazi aliwatengenezea chai watu wasiomtazama usoni.

Aliporudi na sinia hakuketi. "Safari ijayo ni kwangu," alisema. "Na baba yangu yuko hai, anaishi kwangu. Atakuja kukaa nasi na kitabu chetu cha nyumbani, kile alichonunua mama, na atawasomea sehemu hiyo kwa mdomo wake. Halafu tutaona nani atakwenda jikoni."

"Tutafurahi sana," alisema Bi. Winifred. Na kweli alifurahi, kwa kuwa hapakuwa na kitu alichokipenda kama jibu lililo wazi.

*

Mzee Enoch Colclough alikuwa na miaka sabini na tisa. Tangu mkewe afariki alihamia chumba cha nyuma cha binti yake, na redio yake, na kiti chake, na seti ya vikombe ambavyo hakuruhusu mtu mwingine avioshe. Glenys alimkuta mezani akila chapati za shayiri zenye jibini ndani. Akamsimulia yote, akamwigiza Bi. Winifred na miwani yake, akamwigiza Dot. Alipofika kwenye ahadi, mzee aliacha kutafuna.

"Umewaambia nitasoma?"

"Mara moja tu, Baba. Sura moja. Unayo ile sauti yako ya Malkia."

"Miwani hii haifai tena."

"Tutapima mingine."

"Mambo ya wanawake hayo. Mimi nikae hapo nifanye nini?"

"Wamenicheka, Baba."

Mzee aliisukuma chapati yake pembeni. "Haya," alisema. "Tutaona." Akaenda chumbani kwake saa moja kabla ya kipindi cha redio ambacho hakuwahi kukikosa.

Glenys alikishusha kitabu kabatini. Jalada lilikuwa limeshikizwa kwa gundi, na ndani kulikuwa na mwandiko wa mama yake: *Kwa Glenys, Krismasi.* Akajimiminia chai, akaketi, akaanza kusoma kwa macho yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani.

Kilikuwa kitabu kingine kabisa. Watoto walikuwa wale wale na korongo yule yule, picha zote alizikumbuka, lakini maneno yaliyokuwa chini ya picha hakuwahi kuyasikia. Kwa baba yake korongo alikuwa mcheshi, anayelalamikia goti. Huyu alisema kama kasisi. Kwa baba yake watoto walikula kila walipofika mahali. Hawa walitembea siku tatu bila hata mkate. Na mwisho wake ulimwudhi kiasi kwamba alikifunga, akakifungua tena kuona kama ndivyo kweli. Mzee Bloor hakuwamo popote.

Kwanza alilaumu uchapaji. Jumamosi alikwenda maktaba akaomba toleo la zamani kuliko lote walilonalo, na mkutubi akamletea moja lenye harufu ya kabati, la miaka kumi kabla ya lile la mama yake. Alilisoma akiwa amesimama. Neno kwa neno, vile vile. Basi samaki ametoka wapi? Hilo swali lilikwenda naye sokoni, likarudi naye, likakaa naye jikoni shuleni huku akiponda viazi vya watoto mia mbili. Mara mbili alitia chumvi, mara ya tatu akasahau.

*

Jumatatu alipita duka la dawa kuchukua vidonge vya baba yake, akamweleza Nasreen habari ya toleo la maktaba.

"Na mimi nimerudia kukisoma," alisema Nasreen. "Nikawa namtafuta huyo mzee wenu kila ukurasa. Najua hayumo, lakini nataka awemo. Unajua inavyoudhi?" Alikuwa akiongea huku mikono ikifanya kazi. Alichukua chupa ya kwanza akaivika mpira mmoja mwembamba, ile mipira ya kufungia noti. Chupa ya pili akaivika miwili.

"Hiyo ya nini?"

Mikono ya Nasreen ilisimama. "Ni utaratibu tu," alisema. "Mimi na baba yako tuna utaratibu wetu. Mmoja asubuhi, miwili jioni."

"Lakini si imeandikwa hapo?"

Nasreen alifunga mfuko, akausogeza kwenye kaunta, wala hakumtazama. "Imeandikwa," alisema kwa upole. "Nisalimie Mzee."

Glenys alitembea hadi nyumbani bila kuona njia. Alipofika aliweka chupa mezani, akatoa na zile za mwezi uliopita, na za mwezi ule mwingine, zote na mipira yake. Kisha akafungua droo ya kadi zake za siku ya kuzaliwa. Katika kila kadi mama yake aliandika maneno, na chini yake baba alichora samaki. Miaka yote nyumba nzima ililichukulia hilo kuwa utani wake. Mama alipofariki, kadi zilikuja na samaki peke yake.

Baba yake hajui kusoma. Jambo lenyewe lilikuwa limekaa mezani mbele yake miaka hamsini, likila naye chakula.

Na hapo hapo, kabla hajamhurumia, alikumbuka fomu. Alikuwa na miaka kumi na sita. Chuo cha uuguzi kilimkubali, kikaleta karatasi za kujazwa na mzazi. Mama alikuwa amelazwa kwa upasuaji. Baba alizipokea, akasema ataziangalia, akaziweka nyuma ya saa juu ya meko ya sebuleni, na zikabaki pale hadi tarehe ikapita. Glenys hakuuliza, alijua baba hakutaka aende. Akaenda kumenya viazi, na viazi havijaisha hadi leo.

Mzee aliingia jikoni kutafuta sukari. Akaona chupa zimepangwa.

"Baba, hapa pameandikwaje?"

"Miwani iko chumbani."

"Miwani umeivaa."

Mzee aliigusa kama anayehakikisha. Kisha alivuta kiti, akaketi, na mikono yake mikubwa akaiweka juu ya meza, yote miwili, kama mtu anayeisalimisha.

"Mama yako alijua," alisema. "Mwingine hakuna. Nilipokuwa na miaka sita nililazwa hospitali ya kifua, miezi ishirini. Nilipotoka wenzangu wanasoma, mimi nahesabu vioo vya dirisha. Mwalimu akaniweka nyuma, akanipa kazi ya kutia makaa kwenye jiko la kupasha darasa joto. Nikatia makaa mpaka nikamaliza shule."

"Na kitabu?"

"Mama yako alikuwa na zamu ya jioni, wewe unataka hadithi. Nitafanyaje? Nikatazama picha."

"Na fomu yangu?"

"Nilikaa nayo siku tisa," alisema mzee. "Niliitoa nyuma ya saa kila asubuhi, nikairudisha. Ningempelekea jirani, jirani angejua. Mama yako yuko hoi, nisingemsumbua. Nikailinda aibu yangu, nikaitupa kesho yako. Hapo nilikukosea, mwanangu. Sina la kujitetea."

Tusimpambe Glenys. Hakumkumbatia. Alikasirika, akaenda kwenye sinki akasugua sufuria iliyokuwa safi, akaisuuza, akaisugua tena. Miaka arobaini aliamini baba yake hakumtakia mema. Sasa imani hiyo imetolewa, na mahali pake pamebaki wazi, hajui aweke nini. Huyo aliyemnyima chuo ndiye yule yule aliyerudi kutoka kiwandani mgongo unamuuma, akaketi ukingoni mwa kitanda na kitabu kisichosema naye, akatunga nchi nzima.

"Alhamisi nitawaambia unaumwa," alisema bila kugeuka.

"Usiwaambie."

"Bi. Winifred atakuwa na kitabu chake mapajani, Baba. Anafuata kwa kidole. Ukikosea neno moja atakurekebisha, ndivyo alivyo, hata mhubiri anamrekebisha. Sitaki akuaibishe nyumbani kwangu."

"Mimi nimedanganya miaka sabini," alisema mzee. "Usianze wewe kwa ajili yangu. Nitakuja nikae."

"Ukae ufanye nini?"

Mzee alichota sukari yake, akakoroga chai, akaenda nayo chumbani.

*

Alhamisi ilipofika mzee alinyoa ndevu mara mbili, akavaa tai ya mazishi na viatu vilivyong'aa. Glenys alitandika meza kwa vikombe vya baba yake, vile vyenye mstari wa dhahabu, kwa kuwa mzee alivitoa mwenyewe kabatini akavipanga. Mara tatu Glenys alishika simu awaambie wasije, mara tatu akaiweka.

Wakaja. Dot alimbusu Enoch shavuni, akamwita kijana. Nasreen alimletea halua, akamwambia kwa sauti ya chini, "Hujambo Mzee wangu," akaketi karibu naye kuliko ilivyo kawaida yake. Bi. Winifred alimpa mkono. Akaketi, akavaa miwani, akafungua kitabu chake juu ya mapaja. Ukurasa wake haukuwa na hata alama ya penseli. Mtoto aliyechora kitabu kwenye darasa lake alikuwa akifuta ubao muhula mzima.

"Tunakusikiliza, Bwana Enoch," alisema.

Enoch alikifungua kile kitabu cha mkewe. Hakutafuta sana, kilifunguka chenyewe kwenye picha ya watoto wawili wakitambaa ndani ya bomba kubwa, korongo akiwatangulia. Akakohoa.

"Basi Hester akamwambia Jem, vua viatu, bomba lina mwangwi," alianza.

Kidole cha Bi. Winifred kilishuka mstari wa kwanza, kikashuka wa pili, kikarudi juu. Glenys alikiona. Alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake hayakuwa kwa baba yake, yalikuwa kwa kile kidole tu.

Mzee aliendelea. Kwa pembe ya jicho Glenys alimwona akigeuza kurasa kila baada ya muda, vizuri kabisa, kama alivyokuwa akifanya zamani. Sauti ilianza kavu, ikalainika. Askari waliposhuka ngazi alizipiga hatua zao kwa vidole mezani. Malkia wa Chumvi alipozungumza, Dot, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, alijikunyata kwenye kiti. Mzee Bloor alikuwa na kikohozi, na mke aliyemwekea vitunguu kwenye mkate, na pampu ambayo hakuwahi kuizima katika miaka arobaini, hata siku mwanawe alipozaliwa. Akaizima. Akasimama karibu nayo kwenye kile kimya, akiwasikia watoto wanapita juu ya kichwa chake kwenye bomba, akihesabu magoti.

Kidole cha Bi. Winifred kilikuwa kimesimama. Hakikuwa kwenye mstari wowote.

"Wakamletea karatasi," alisema Enoch. "Tia sahihi, pampu haikuzimwa. Na ukiandika uongo tunakutundika, ukiandika kweli tunakutundika. Mzee Bloor akachukua kalamu. Mkono wake ulikuwa mweusi kwa grisi. Akachora samaki."

Dot alikuwa amemaliza chai. Bila kuwaza, kama alivyofanya kwenye kila nyumba aliyoingia maishani mwake, alikigeuza kikombe juu chini. Akatazama, akabaki amekishika hivyo. Bi. Winifred aliona anachotazama, akakiinua chake taratibu, akachungulia chini. Samaki, mdogo kama punje ya ngano, mwenye mkia uliopinda upande wa kushoto.

"Ukurasa wa ngapi huo, Bwana Enoch?" aliuliza. Hakukusudia ubaya. Miaka thelathini na minne ya chaki ilijiuliza yenyewe, na neno lilipokwisha kutoka uso wake ulionyesha kwamba angelipa chochote kulirudisha.

"Ni toleo la zamani," alidakia Glenys, "lile la—"

Enoch aliinua mkono, akamnyamazisha. "Hauna ukurasa, Mwalimu," alisema. "Mimi sijui kusoma."

Alikifunga kitabu, akakiweka karibu na halua. Masikio yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetereka. "Na kanuni yenu naijua, Glenys kaniambia. Asiyesoma anakwenda jikoni." Akashika mkono wa kiti, akaanza kuinuka, goti moja kwanza, halafu la pili. Glenys alikuwa anamwona baba yake mbele ya jiko la darasa, na ndoo ya makaa.

Bi. Winifred alisimama kabla yake.

"Kaa chini, Bwana Enoch." Ilikuwa sauti ya darasani, na mzee akakaa. "Kitabu kilichosomwa hapa leo ni chako, na mimi sijakisoma. Ninyi mmekisoma?"

"Mimi sijakisoma," alisema Nasreen.

"Mie nasikia leo," alisema Dot.

"Basi birika liko wapi?" Akachukua vikombe vyote vinne kwa sinia, kwa uangalifu kama anayebeba mayai, akaenda. Wakamsikia kule jikoni akifungua makabati matatu kutafuta sukari iliyokuwa mbele ya macho yake, na akikaa muda mrefu kuliko birika linavyohitaji kuchemka. Aliporudi macho yalikuwa na wekundu.

Enoch alikuwa ameishika halua bila kuila. "Kuna kitu nimetaka kujua miaka hamsini," alisema. "Hao watoto, kwenye kitabu chenyewe, wanatokaje?"

"Mama hakukwambia?" aliuliza Glenys.

"Alitaka. Nikamkataza. Nilimwambia nikiijua ya kwao nitashindwa kusema yangu. Sasa umekua."

Glenys aliketi kwenye zulia karibu na miguu yake, kwa kuwa kiti hakikubaki, akakichukua kitabu. Uchungu wa ile fomu ulikuwa bado uko palepale, wala haukuisha siku ile. Lakini alikifungua penye ile picha ya bomba, akasoma. Alisoma polepole, na baba yake akainamisha kichwa, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao zikisemwa na mgeni. Watoto walipita bombani. Korongo akafa mlangoni. Hester akaufunga mlango, na ilipofika saa ya chai wote wawili walikuwa wamesahau kila kitu, wakabaki kushangaa chumvi kwenye viatu vyao imetoka wapi.

"Wamesahau?" aliuliza mzee.

"Wamesahau."

"Mpaka korongo?"

"Mpaka korongo, Baba. Hata mimi niliudhika."

Akatikisa kichwa. Kisha akaomba aone tena picha ya bomba, akaigusa kwa kidole. "Na hapa, kwenye hayo maneno yao. Hili bomba linapandisha maji hadi jumbani, au sivyo?"

"Ndivyo," alisema Bi. Winifred.

"Maji hayo yako wapi? Watoto wanatambaa, hata nguo hazijalowa. Nani kazima pampu?"

Bi. Winifred alichukua kitabu chake, akasoma ukurasa ule, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele miwili. Nasreen naye alikuwa anatafuta chake.

"Hakisemi," alisema Bi. Winifred hatimaye. "Watoto mia tisa nimewafundisha hapa. Hakuna aliyeniuliza. Wala mimi sikujiuliza."

"Ndiyo maana nikamweka mtu," alisema Enoch. "Haikuwa hadithi, mimi nilikuwa nakarabati tu. Pampu haijizimi."

Nasreen alicheka, na Dot akamfuata, na safari hii Glenys naye alicheka, huku akifuta pua kwa mkono wa sweta.

Bi. Winifred hakucheka. Alifungua mkoba wake, akapekua chini kabisa, akatoa penseli. Aliitazama ncha. Akaweka kitabu chake, kisichowahi kuguswa na alama ya mtu, juu ya mapaja ya Enoch, kikiwa wazi penye ile picha, akamkabidhi penseli.

"Hapa pembeni," alisema. "Chini ya bomba."

Mzee alimtazama kuhakikisha. Kisha akainama, na mkono uliozungushia mstari wa dhahabu vikombe vya nusu ya nchi ukashuka kwenye karatasi bila kutetemeka. Alichora taratibu, mdogo, mkia umepinda upande wa kushoto, akarudisha penseli.

Bi. Winifred alipuliza vumbi la penseli, akakisogeza kitabu kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya," alisema. "Sasa yumo."